Bajaji Hula kwa Zamu

Babu yangu alikuwa mchukuzi. Alikuwa na mkokoteni mmoja na punda wawili, na hakuna mtu aliyewahi kupokea gunia kutoka kwake akalikuta limepungua. Baba yangu aliirithi kazi hiyo, akafikisha punda sita. Wafanyabiashara walimkabidhi mizigo yao bila shahidi, kisha wakaenda kulala. Mimi niliacha punda nikashika lori, mpaka macho yalipochoka. Sasa kazi imo mikononi mwa mwanangu, naye huendesha bajaji ya umeme. Mkokoteni umebadilika, lakini jina letu halikubadilika. Sisi ni watu wa amana.

Katika ukoo wetu kuna sheria moja: mnyama hula kabla ya mwenyewe. Baba alirudi jioni akiwa na vumbi hadi kwenye kope, lakini hakuketi wala hakunywa maji mpaka punda wawe wamekula. Mwanangu aliponunua bajaji, nilimwita nikamweleza kwamba sheria hiyo haikufa pamoja na punda. Akirudi, aichomeke bajaji kwenye umeme kwanza, ndipo anawe mikono ale. Alitii. Mimi husema nilijaliwa mtoto msikivu. Mke wangu husema mtoto si msikivu, ila nilimchosha.

Nyumba yetu ni ya mwisho mtaani, pale nyaya za umeme zinapokomea. Nyuma kuna chumba kilichokuwa stoo. Mkwe wangu, mke wa huyo dereva, amekigeuza kuwa chumba cha kutotolesha vifaranga. Ana mashine iliyo kama kabati, yenye mlango wa kioo, kipimajoto na feni ndogo ya kusambaza joto. Majirani humletea mayai ya kuku wao. Yeye huyatunza kwa wiki tatu, kisha huwarudishia vifaranga. Mtaa mzima humwita Mama Vifaranga. Juu ya kila yai huandika kwa penseli alama ya mwenye yai, na kila alama huiwekea trei yake, ili mali za watu zisichanganyike. Kinyozi alijichagulia mkasi. Mshonaji alitaka cherehani, akaambiwa achague kitu kinachoweza kuchorwa, akakubali sindano.

Mwanzoni, bajaji ya umeme mtaani petu ilikuwa moja tu. Vijana wengine walipoona mwanangu hapangi tena foleni ya mafuta, nao wakanunua. Zikawa nane. Walimuuliza mwanangu anaitunzaje yake hata haimzimikii njiani, naye akawapa sheria ya babu zake. Basi, kila jua lilipozama, bajaji nane ziliingia mtaani na kuchomekwa kwenye umeme, ndipo madereva wakanawa mikono. Mimi nilikaa barazani nikiwatazama, na kifua kikajaa. Nilijiambia kwamba baba hakufa bure.

Siku hazikupita nyingi, umeme ukaanza kuwa mdogo nyakati za jioni. Taa zilififia zikawa nyekundu. Feni ilizunguka kama mgonjwa anayegeuka kitandani. Friji ya jirani ilinguruma, kisha ikanyamaza. Asubuhi kila kitu kilikuwa sawa, na jioni mambo yakawa yale yale.

Mtaa ukatafuta mchawi, na haukumtafuta mbali. Tuna fundi wa kuchomelea vyuma, tunamwita Cheche. Mashine yake hutoa mwanga wa kupofua macho. Watu walisema kwamba hakuna mwingine anayeweza kuumaliza umeme wa mtaa mzima ila yeye. Nilimwendea mimi mwenyewe karakana, mbele ya wateja wake, nikamtaka aache kazi yake ifikapo jioni. Alinijibu kwa adabu.

"Mzee, mimi hufunga karakana saa kumi. Jioni mkono huu hushika kijiko, haushiki chuma."

Sikumwamini. Niliondoka bila kumuaga.

Jioni moja, ilipobaki wiki moja mayai yatotolewe, ulisikika mlio kutoka kwenye nguzo iliyo mwanzo wa mtaa. Umeme ukakatika mara moja. Mwanangu alipiga simu shirika la umeme, akaambiwa mhandisi yuko njiani. Mkwe wangu hakupoteza muda. Aliifunika mashine kwa mablanketi, akapanga chupa za maji ya moto kuizunguka, akatukataza kuufungua mlango wake hata kwa kuchungulia. Kisha akasimama mbele yake kama askari. Nilijaribu kumtuliza, nikamwambia kwamba umeme si kosa lake, na watu wataelewa.

"Hapana, baba," akasema. "Yakifa, hakuna atakayesema umeme umeyaua. Watasema nyumba ile ilipokea mayai ikarudisha maganda."

Jina la ukoo wangu lilikuwa ndani ya kabati lile, chini ya mablanketi.

Mhandisi alifika mapema kuliko tulivyotarajia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kofia ngumu na buti zilizolika visigino. Alikagua nguzo, akaikagua transfoma, lile pipa la chuma linalopokea umeme mkubwa na kuupunguza ili uweze kutumika majumbani. Kabla ya kurudisha umeme, aliwaamuru madereva wote wachomoe bajaji zao. Walichomoa, wengine kwa kunung'unika. Akabadilisha fyuzi iliyoungua.

Taa ziliwaka. Hazikuwa nyekundu kama za kila jioni. Ziliwaka nyeupe, na mtaa mzima ukapumua.

Mkwe wangu alisubiri mpaka kipimajoto kikapanda. Kisha akalitoa yai moja, lile lenye alama ya mkasi, akaliweka mbele ya tochi katika giza la stoo. Tuliinama sote, na mhandisi pia. Ndani ya yai tuliona mishipa myembamba kama nyuzi, na kivuli cheusi kilichojaza karibu yai zima. Kivuli kile kikajongea. Akapima la pili, la tatu na mengine kadhaa. Yote yalikuwa na uhai. Mkwe wangu aliketi sakafuni, akacheka huku akifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Tulipotoka barazani, majirani walikuwa wamekusanyika, Cheche akiwemo. Mhandisi aliniamkia, nikamwitikia. Kisha akataka kujua nani aliyeamuru bajaji zote zichomekwe kwa wakati mmoja. Madereva wakatazama viatu vyao.

"Ndiye huyo aliyekalia kiti," mke wangu akasema.

Mhandisi hakunikemea. Alieleza taratibu, nasi tukasikiliza. Alisema kwamba transfoma ile iliwekwa zamani, mtaa ulipokuwa na taa na redio tu. Leo kuna friji, pasi, televisheni na majiko. Jioni watu wote wamerudi nyumbani na kila mmoja anawasha chake, kwa hiyo huo ndio wakati mzigo wa umeme ni mkubwa kuliko nyakati zote. Bajaji moja inayochajiwa ni kama pasi iliyoachwa ikiwaka kwa saa nyingi bila kupumzika. Sisi tulikuwa tukiongeza pasi nane juu ya mzigo ambao tayari ulikuwa umejaa. Nyaya nazo hupoteza nguvu njiani zinapobebeshwa mno. Ndiyo maana nyumba ya mwisho, yaani yangu, iliumia kuliko zote.

Aliongeza kwamba jambo hili si la mtaa mmoja. Magari ya umeme yakichajiwa yote jioni katika mji mzima, mitambo ya kuzalisha umeme hulazimika kukimbizwa kwa ajili ya saa hizo chache. Watu wakishalala, mitambo ile ile huwa na umeme wa kutosha usio na mtumiaji. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi, mtoto wa mchukuzi, niliupita mzigo wa ile transfoma kila siku bila kuuona.

Hata hivyo sikutaka kuiacha sheria ya baba. Nilimsimulia mhandisi habari zake, punda sita na vumbi la kwenye kope. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Mzee, baba yako alikuwa na hori moja la kulishia, au alikuwa na mengi?"

"Lilikuwa moja."

"Na punda wote sita waliingiza vichwa kwa pamoja?"

Nikakumbuka. Nilikuwa mtoto, na kazi yangu kila jioni ilikuwa kushika kamba. Baba aliwaingiza punda wawili, na wanne wakangoja nje. Wangeingia wote wangepigana mateke, hori likapinduka, na asingekula hata mmoja. Mnyama hula kabla ya mwenyewe, lakini hula kwa zamu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeishika nusu ya sheria.

"Waliingia wawili wawili," nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Leo penye wazee pameharibika neno," akasema mke wangu, na baraza zima likacheka. Na mimi nilicheka, jambo ambalo madereva hawakuwa wamewahi kuliona.

Tulipanga zamu pale pale. Madereva wanaopumzika mchana huchaji mchana. Wengine huchomeka bajaji zao wakirudi, kama ilivyo sheria yetu, lakini chaja zao zimetegwa saa. Nusu ya chaja huanza kazi watu wanapokwenda kulala, na nusu nyingine baadaye, kuelekea alfajiri. Dereva hana haja ya kukesha. Mhandisi alikuta pia kwamba bajaji ya mwanangu na mashine ya mayai zilitumia waya mmoja wa kurefushia, nao ulikuwa umepata moto hata plastiki yake imelainika. Alituonya kwamba waya wa namna hiyo huchoma nyumba. Fundi mwenye leseni alikuja akaivutia bajaji waya wake, mnene, wenye swichi yake. Mwishowe madereva wote waliliarifu shirika kwamba wana bajaji za umeme, ili mzigo wa mtaa ujulikane na transfoma kubwa zaidi iletwe.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda karakana kwa Cheche. Nilimwomba radhi mbele ya wateja wake, kwa kuwa nilikuwa nimemtuhumu mbele ya watu.

"Yamekwisha, mzee," akasema. "Ila siku nikiunguza kitu kweli, kumbuka adhabu yake nimekwisha kuitumikia."

Wiki ikaisha. Jioni, saa ile ile iliyokuwa ikitutesa, taa ziliwaka bila kupepesa. Mkwe wangu alituita stoo. Yai lenye alama ya sindano lilikuwa na ufa, na katika ufa ule mdomo mdogo ulikuwa ukigonga. Kufikia asubuhi kabati lilikuwa na kelele kuliko darasa lisilo na mwalimu. Majirani walikuja na vikapu vyao, na kila mmoja aliondoka na vifaranga wake. Kinyozi aliwahesabu wake mara mbili, akasema kwamba hesabu imetimia. Katika nyumba yetu hakuna sifa inayopita hiyo.

Basi ninyi vijana mnaonunua bajaji, pikipiki na magari ya umeme, nisikilizeni, wala msiniambie kwamba mambo ya punda yamepitwa na wakati. Umeme wa mtaa ni hori moja, na wanaolitegemea ni wengi. Msichaji jioni wakati kila nyumba inapika na kupiga pasi. Tegeni saa, pangeni zamu, na waiteni mafundi wenye leseni. Kabla ya kuchomeka, kila mmoja wenu ajiulize ni nani mwingine anakula saa hiyo. Haya nimewaambia mara moja. Nataka kuona yanatendwa.