Kipimo cha Khairat

Kila asubuhi, kabla ya kwenda pwani kwenye mwani wake, Bi Mwatum wa Uroa humwekea binti yake Khairat kikombe cha chai na kidonge kimoja cha kifafa. Kingine humpa usiku. Mwaka mzima mtoto hakuanguka hata mara moja.

Ramadhani ilipoingia, mama alisema, "Wewe mgonjwa, usifunge." Lakini Khairat alikuwa na miaka kumi na miwili, na wenzake darasani walikuwa wanafunga. Nassra, aliyekaa naye dawati moja, alimnusa mdomo.

"Chai hiyo. Kobe wewe, unakula mchana."

Darasa zima likacheka.

Kesho yake, mama alipokwisha kutoka, Khairat aliimwaga chai, akakificha kidonge kwenye mkebe wa kalamu. Akaendelea hivyo, anafunga kwa siri. Siku ya sita alianguka darasani. Siku ya tisa akaanguka tena, akapasuka kidevu.

Mama akampeleka hospitali mjini. Daktari Shadya akasema, "Tutampima damu, tujue dawa iliyomo ni kiasi gani. Mlete kesho, na asimeze kidonge cha asubuhi mpaka atolewe damu."

Damu itanisema, Khairat aliwaza. Basi alfajiri akaingia chooni na mkebe wake, akameza vidonge vinne kwa mpigo.

Maabara walimkuta Usi, mtoaji damu. Aliuliza huku akimfunga mpira mkononi, "Dawa ya mwisho umemeza lini?"

"Jana usiku."

Usi akaandika hivyo hivyo.

Majibu yalitoka adhuhuri. Daktari Shadya aliyasoma mara mbili. "Dawa imepita kiasi, na bado anaanguka. Basi haimfai. Itabidi tuiache, tujaribu nyengine."

"Hii iliyomtuliza mwaka mzima?" Bi Mwatum aliuliza. "Na hiyo nyengine ikimkataa?"

"Tutazidi kujaribu, Bi Mwatum. Na huko kujaribu ataanguka anguka."

Khairat aliiona meza ya daktari inayumba. "Nshameza leo," alisema. "Vinne." Kisha akayasema yote, ya chai, ya mkebe na ya Nassra.

"Na mimi kila siku nakikuta kikombe kitupu, nafurahi," mama yake alisema polepole.

Daktari hakugomba. Alimlaza kitandani, akamwangalia mpaka jioni, kwani vidonge vinne kwa mpigo vingeweza kumdhuru vibaya. "Mwaka huu hufungi," alimwambia. "Mwakani, ukiwa mzima, njoo kabla ya mwezi kuandama tutazame kama inawezekana kumeza kimoja daku na kimoja futari."

Khairat alirudi kwenye dawa yake ile ile, asubuhi na usiku, mama akisimama mpaka imezwe. Baada ya wiki tatu alipimwa tena. Dawa ilikuwa kiasi chake, na hakuwa ameanguka tena.

Daktari Shadya alimwonesha karatasi ya majibu. "Damu hunambia dawa ni nyingi au chache," alisema. "Hainambii umeimeza lini, wala kwa nini uliiacha. Hayo ni wewe wa kunambia, Khairat. Ukinidanganya, mimi namtibu mtoto mwengine ambaye hayupo, na wewe unabaki na ugonjwa wako."