Gari la Muhali

Nyumbani kwetu Jang'ombe siku huanza na harufu ya mkate. Mama yangu, Bi Mwanakheir, hukanda unga jioni, na kabla sijaamka boflo za mwanzo huwa zimeshatoka tanurini. Kazi yangu ni kuzipanga katika makreti, ishirini ishirini, na kuzifunika kwa kitambaa safi. Kisha Baba huyapakia makreti garini na kuyapeleka hoteli moja ya pwani huko Uroa, yafike kabla ya saa moja. Mkate huo ndio uliomsomesha dada yangu Riyama mpaka akaolewa, na ndio unaonisomesha mimi.

Kwa miaka minane boflo zile zilikwenda Uroa kwa keri yetu nyeupe, kigari kidogo cha mizigo. Ilikuwa na kutu mlangoni, na kiti cha dereva kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa nailoni, lakini ilikuwa ikiwaka kila asubuhi. Ikiharibika, Baba alinunua kipuri Darajani na kukifunga mwenyewe kabla ya adhuhuri. Keri ile Baba aliiuza. Hadi leo nikikumbuka sababu iliyomfanya aiuze, roho inanipanda.

Mambo yalianza kwa Bwana Ghanim, baba mkwe wa Riyama, mzee mwenye duka la vitambaa Mji Mkongwe. Alikuwa na gari jeusi la kifahari, lenye viti vya ngozi na milango mizito isiyotoa kelele ikifungwa. Lilikuja kisiwani kwa meli likiwa limeshatumika sana nchi za watu, na sasa lilikuwa limekwenda kilomita laki mbili na elfu sitini. Siku moja kwenye kahawa alimwambia Baba kuwa analiuza, na kwamba hapendi liende kwa mtu wa nje. Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo mno kwa gari la namna ile. Baba alirudi nyumbani akitabasamu peke yake, na kabla ya wiki kwisha keri yetu ikawa ya Jecha, muuza mboga wa Chwaka.

"Fundi ameshaitazama gari hiyo?" Mama alimuuliza.

"Nimpelekee fundi mkwe wangu?" Baba alijibu. "Ataona nnamfanya mwongo. Muhali huo mie siuwezi, Mama Riyama."

Mama akarudi kwenye unga wake. Naye alimwonea Baba muhali, aliona haya kumvunja moyo, kwa sababu hakuwa amemwona na furaha ile tangu arusi ya Riyama.

Siwezi kusema kuwa mimi nililichukia gari lile tangu siku ya kwanza. Nilikaa nyuma, nikateremsha kioo ili wasichana wa mtaani wanione, na nilijiona binti wa waziri. Furaha ile ilidumu wiki tatu hivi. Gari halikutengenezwa kubebea mikate. Makreti manne tu yaliingia nyuma, na mengine tuliyabana juu ya viti vya ngozi, boflo zikafika Uroa zimepondeka. Halafu likaanza kulala. Halikuwa na springi za chuma kama keri. Lilikalia mifuko ya upepo, na mifuko hiyo ilikuwa imechoka. Asubuhi tulilikuta limepiga magoti kama ngamia, na Baba aliliwasha akangoja lijiinue polepole huku mikate ikipoa. Mfuko mmoja mpya huagizwa Dubai. Bei yake ingenunua magurudumu manne ya keri na chenji ikabaki.

Mara mbili tulichelewa. Mara ya pili Bi Shemsa, msimamizi wa jiko la hoteli, hakugomba. Alimpigia simu Mama na kumwambia kwa adabu kwamba Jumamosi wanapokea wageni wengi, na mkate usipofika kwa wakati atatafuta mwokaji mwengine. Mama aliweka simu chini, akasema Jumamosi atakwenda mwenyewe.

Hapo Baba aliingiwa na hofu, na mimi nilijua kwa nini. Skuli ilikuwa imefungwa, kwa hivyo kila siku nilikuwa nikifuatana naye Uroa. Kwa siku tisa nilikuwa nikiona taa ndogo nyekundu ikiwaka mbele ya usukani kila tukikaribia Dunga. Baba alisimama, akasubiri injini ipoe, akaongeza maji, taa ikazima, tukaendelea. Hakulipeleka gari kwa fundi. Alisema pesa ya mikate ya mwezi mzima haitoshi hata kulifungua.

Ijumaa jioni aliniita, nikaitika naam. Aliniuliza kama nina karatasi yoyote ya kugandisha. Nilikuwa na lebo za madaftari, na moja nilikuwa nimeshaiandika: Nadra Ubwa, Darasa la Sita. Akaibandua, akaigandisha juu ya ile taa.

"Mama yako asiione, atatia wasiwasi bure," alisema. "Na wewe usimwambie."

Nilikuwa na kinywa. Nilikuwa na akili ya kutosha kujua kuwa jambo lile ni la kipumbavu. Lakini ni baba yangu, nikamwonea muhali, nikasema haya.

Jumamosi Mama alikaa mbele na kreti mapajani, mimi nyuma baina ya makreti mengine. Tulipita Mwera vizuri. Baada ya hapo nikaona pembeni mwa lebo yangu pametoka wekundu. Nilimtazama Baba, yeye alikuwa akitazama saa na kukanyaga mafuta. Lebo aliyoiweka ili Mama asiione taa ilikuwa imemfichia na yeye. Nikajiambia nitasema tukifika kile kibanda cha mkaa, kibanda kikapita. Nikajiambia nitasema penye kona, kona nayo ikapita.

Karibu na Dunga injini ilitoa mlio mkali, mvuke ukafumka kutoka kwenye boneti, na gari likazimika katikati ya barabara. Baba alizungusha ufunguo. Halikujibu.

"Itapoa sasa hivi," alisema.

"Kwani haikutoa dalili yoyote?" Mama aliuliza.

Baba alizungusha ufunguo tena. Nilisikia hasira inanipanda, hasira juu yake, juu ya gari, na juu yangu mwenyewe zaidi. Niliinuka, nikapitisha mkono baina ya viti, nikaibandua lebo.

"Ilitoa, Mama," nilisema. "Taa hii ina siku tisa inawaka. Tumeifunika jana kwa lebo yangu."

Mama aliichukua lebo, akasoma jina langu, akanirudishia. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alishuka na kreti lake, akaliweka kwenye majani kando ya njia, akatoa simu na kumpigia Jecha, ambaye kila asubuhi hupita njia ile na mboga kutoka soko la Mwanakwerekwe. Haukupita muda mrefu keri yetu ikatokea, na kutu yake ile ile mlangoni. Jecha alisogeza matenga ya nyanya na mchicha, tukapakia boflo, Mama na mimi tukapanda. Baba alibaki amesimama mbele ya gari lake la kifahari, na sikumpungia mkono.

Tulifika Uroa saa moja na nusu. Nilidhani Mama atasema tumepata ajali, au barabara ilifungwa. Alimwambia Bi Shemsa kuwa gari letu ni bovu, kuwa tulikuwa tunajua ni bovu, na kuwa kuanzia Jumatatu mkate utaletwa na Jecha kwa malipo mpaka tupate gari la kazi. Bi Shemsa alimkazia macho. Kisha akasema wageni bado hawajashuka, akaita vijana wapokee makreti.

Gari jeusi lilirudi Jang'ombe likivutwa kwa kamba, mtaa mzima ukitazama. Fundi Haitham, mwenye gereji nyuma ya nyumba yetu, alilifungua mchana ule ule. Injini ilikuwa imeungua. Kulitengeneza kungegharimu zaidi ya bei tuliyolinunulia.

"Gari ya kifahari ikizeeka, bei yake inashuka," alimwambia Baba, "lakini vipuri vyake havishuki. Unainunua kwa bei ya maskini, unaitunza kwa bei ya tajiri. Nlimwambia hivyo hivyo Bwana Ghanim mwaka jana, nlipomwonyesha kuwa rejeta na mifuko ya upepo vimekufa."

Baba alimgeukia. "Ulijua? Na kila siku unaniona nnapita nayo hapa?"

Fundi Haitham aliinama akafuta mikono. "Nlikuoneeni muhali. Mtu na mkwewe, mie niingie kati vipi?"

Nilitamani kulipiga teke sanduku la spana zake. Bwana Ghanim alijua. Fundi alijua. Baba alijua, nami nilijua. Watu wazima watatu na mtoto mmoja, wote tunajua, na Mama peke yake, ambaye mkate ni wake, hakuna aliyemwambia. Na tungemuuliza yeyote katika sisi angesema amefanya hivyo kwa heshima.

Kesho yake Baba alinichukua kwenda Mji Mkongwe. Bwana Ghanim alitupokea vizuri, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kahawa ikaletwa na halua. Wakazungumza habari za Riyama, wakazungumza habari za mvua. Baba alifungua kinywa mara mbili na kukifunga. Nilijua angeinuka kwenda zake bila kusema lolote, kwa hivyo niliitoa ile lebo mfukoni nikaiweka kwenye sinia, karibu na kikombe cha Baba.

Baba aliitazama, akavuta pumzi. "Mkwe, ile gari ulijua kuwa mbovu?"

"Hukuniuliza," Bwana Ghanim alisema.

"Nlikuonea muhali."

"Na mie nliona muhali kukurudisha, ushakuja na pesa mkononi."

Sikumwamini, na simwamini mpaka leo. Muhali wa mtu anayepokea pesa ni mwepesi sana. Lakini uso wake ulibadilika, akasema gari lirudi kwake, atalikata aliuze vipuri, na nusu ya pesa ataturejeshea. Nusu nyengine tuliipoteza. Baba alisema wazi kuwa hakuridhika, lakini atapokea. Halafu wakapeana mikono, na ajabu ni kwamba ukwe haukuvunjika. Riyama alikuja kututembelea Ijumaa iliyofuata kama kawaida.

Kwa nusu ile tulinunua keri nyengine, kuukuu kuliko ya kwanza. Safari hii Fundi Haitham alilala chini yake saa nzima, mwenye kuiuza kasimama pembeni kanuna, na Baba hakumwomba radhi. Siku ilipoletwa nyumbani, Mama alituita sote wawili, akatukalisha ukumbini.

"Mmeniudhi," alisema, "na nataka mjue kwa nini. Gari kuharibika si aibu, kila gari inaharibika. Mtu kununua kitu asichoweza kukitunza ni kosa, lakini kosa linarekebishika. Mliloniudhi nalo ni kuniona siwezi kuambiwa ukweli. Kumficha mtu jambo linalomhusu si kumheshimu, Baba Riyama. Ni kumwacha aanguke peke yake. Na wewe, Nadra, mkubwa akikosea mwambie kwa adabu, lakini mwambie."

Baba alisema amekosa. Alimwambia Mama, kisha akageuka akaniambia na mimi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.

Mama akaniomba ile lebo, imekunjika na imechafuka, akaniongoza mpaka kwenye keri. Aliigandisha mbele ya usukani, chini ya taa nyekundu. Safari hii taa ilibaki wazi.

"Hii taa yako," alisema.

Mwezi uliofuata, Jumamosi moja, taa iliwaka tukiwa Mwera. Baba alikuwa akizungumza, nami nikamkatiza bila kungoja kibanda wala kona. Ulikuwa mpira wa maji umechanika. Alinunua mwengine palepale kwa pesa ya mikate michache, akaufunga mwenyewe, na saa moja kasorobo Bi Shemsa alikuwa akipokea makreti.