Pipa la Bwana Apakuki

Maji yalinuka mafuta ya nazi.

Mereoni aliyanusa tena kikombeni. Kazi yake katika kiwanda cha sukari ilikuwa kupima kama sukari imevujia kwenye maji yanayorudi boila. Sukari haikuwamo. Harufu ilikuwa ya mafuta yale yale aliyompaka marehemu mama yake kabla ya kumvingirisha mkekani.

Maji yalitoka kwenye kondensa mpya, pipa la chuma kubwa kama nyumba, lililokamata mvuke uliokuwa ukipotelea angani na kuugeuza maji. Meneja, Bwana Apakuki, alilipoza kwa maji ya bwawa la mizimu. Ruhusa aliiomba kwa mtindo wake: hakuketi, hakuvua kofia, akawatupia wenye bwawa, kama anayemtupia mbwa mfupa, pakiti ya dukani ya kava, mzizi wa kinywaji ambao mwombaji huutoa mzima, kwa heshima. Mfiji mzima, tena kalelewa na bibi! Kichwa kama sufuria la harusi, ndani hamna hata ukoko.

"Bosi, pipa linagonga," Mereoni alisema. "Limezimwa tangu asubuhi, na linagonga. Usimwingize kaka yangu."

"Mirija imeziba. Sakiusa ataisugua."

"Basi ingia wewe."

"Na shahada yangu hii? Wewe dada, pima maji yako."

Sakiusa akaingia na brashi. Mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake, polepole, bila mkono wa mtu. Wanaume wanne wakauvuta, haukutikisika. Kisha mvuke ukaanza kufoka ndani, ilhali vali zote zilikuwa zimefungwa, na mshale wa joto ukapanda, na ile harufu ya maiti ikajaa ukumbi mzima, na katikati ya mfoko Mereoni akasikia sauti ya kaka yake ikimwita, mara karibu, mara mbali, kama mtu anayeongozwa chini ya maji na mwenyeji wake.

Wakamleta Bubu Salanieta (bubu ni bibi kwa Kifiji), kikongwe wa ukoo wenye bwawa. Aliweka mizizi mizima ya kava sakafuni mbele ya pipa.

"Nani aliutukana mzimu wa bwawa?" akanong'ona. "Aketi. Aombe yeye mwenyewe."

"Bubu, hii ni fizikia tu," Apakuki akasema, meno yakigongana.

"Keti, mjinga wewe!" Mereoni akamkamata mkanda, akamvuta chini.

Kofia ikaanguka. Msomi akakunja miguu, akalia kama mtoto aliyenyimwa titi, makamasi yakimchuruzika kwenye tai, akaomba radhi kwa maneno ya kale ambayo siku zote aliyaita ya washamba.

Mlango ukafunguka. Sakiusa akatoka mzima, mkavu, baridi kama samaki. Mereoni akamkumbatia, akamsugua mikono mpaka damu ikarudi.

Apakuki akapangusa pua. "Si nilisema? Presha tu." Akataka kuinuka. Miguu ikagoma.

"Tulia," Bubu akamwambia. "Mwombaji hainuki kabla hajajibiwa kwa makofi matatu. Hata hilo hulijui?"

Ndani ya pipa tupu, viganja vikubwa vilivyolowa vikapiga kofi. Moja. Likaja la pili.

La tatu wanalingoja mpaka leo. Mchana Mereoni humpelekea Apakuki chai pale pale sakafuni, naye humuuliza kwa unyonge, "Dada, hujasikia kitu?"

"Sijasikia, bosi. Kunywa."