Kiti cha Nyuma

Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa, na hakuna mtu aliyekikalia.

Bogna aliivuta kayaki ya njano, mtumbwi mwembamba wa viti viwili, hadi kwenye majani, chini ya magofu ya ngome ya Złotoria, pale mto Drwęca unapoingia Wisła. Akakipangusa kiti kwa kitambaa. Kikalowa tena. Yalikuwa maji ya rangi ya kahawa, yenye harufu ya tope la chini kabisa ambalo halijawahi kuona jua. Kiti cha mbele, alichokalia mdogo wake Kalina, kilikuwa kikavu.

Wageni walikuwa wakivua majaketi ya kujiokolea na kupiga picha kuta za matofali. Mama mmoja wa kutoka Poznań akamsogelea Bogna, mashavu mekundu kwa jua.

"Mdogo wako kapata kijana mwenye mikono," akasema. "Sisi tumepiga kafi mpaka mabega yanatutoka, wale wawili wakatupita kama tumetia nanga. Ila mwambie huyo kijana avae kofia. Kichwa kizima kinachuruzika maji."

"Kalina alikuwa peke yake, mama. Mwenzake hakutokea asubuhi."

"Haya, basi mimi ndiye nimezeeka macho." Akacheka, akamtazama mumewe. Mumewe hakucheka.

Ilikuwa Alhamisi ya Sikukuu ya Ekaristi, mwanzoni mwa Juni. Katika familia yao hakuna aliyewahi kushusha chombo kabla ya siku ya Mtakatifu Yohane, tarehe ishirini na nne, padri anapokuja kuubariki mto. Kabla ya hapo mto haujabatizwa, na waliozama humo bado wana ruhusa ya kutembea. Baba yao, alipokuwa hai, aliwarudisha wateja wa kukodi kayaki hata wakimtukana. Lakini mwaka huu joto liliwahi. Toruń ilifurika wageni waliochoka kuzunguka mji mkongwe na kutafuna mikate ya tangawizi, kila mmoja anataka maji. Bogna akajiambia mto ni mto tu. Mama yao alikuwa Ujerumani akivuna mboga mashambani, na wa kumtunza Kalina, msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa yeye.

Siku ya pili nywele za Kalina hazikukauka. Siku ya tatu akarudi dukani akihema, akaibwaga baiskeli ukutani. "Nzito, dada. Kama nimepakia mtu." Jumapili kanisani, benchi la nyuma yao lilikuwa tupu. Mzee mmoja akataka kuingia, akasita, akasema "samahani" kwa upole, akaenda kusimama mlangoni.

Jioni ile Kalina alikuwa akisoma mezani.

"Dada, huwa unanishika shingo nikiwa nasoma?"

"Hapana."

"Sawa." Akafunua ukurasa. "Ana mikono laini. Anasema geuka kidogo tu unione. Anasema huko chini hakuna joto."

Bogna akasogeza kiti chake karibu. "Usimjibu."

"Sijamjibu," Kalina akasema taratibu. "Bado."

Kesho yake Bogna alikwenda mtaa wa Kaszczorek kwa Bibi Pelagia, mjane wa mvushaji wa mwisho wa kivuko. Alimkuta barazani akichambua stroberi.

"Kalenda mnayo hata kwenye simu," Pelagia akasema bila kuinua macho. "Baba yako hakuwa na simu na alijua. Huyo aliyezama aliingia wapi?"

"Gatini kwetu. Kwenye kiti kitupu."

"Ndizo zake. Hutafuta nafasi nyuma ya mtu aliye hai, hukaa, husubiri. Hana nguvu ya kumvuta mtu. Ila yule wa mbele akigeuka mwenyewe na kumtazama, wanashuka pamoja." Akatupa jani. "Usimwachie nafasi. Na siku ya baraka mrudishe alikopandia, mto utamchukua."

Basi kwa siku kumi na sita Bogna aliketi nyuma ya mdogo wake. Kwenye tramu, kanisani, jikoni, ambako Kalina alikula mezani naye akala supu yake bakuli likiwa mapajani. Shuleni alimsihi mwalimu mpaka akapewa dawati la nyuma, akajikunja humo magoti yakigusa ubao.

"Kalina, umekuja na walinzi wa rais?" wavulana wakauliza.

"Na wewe ukiwa na akili utapewa," Kalina akajibu, na Bogna akaumia kwa kuisikia sauti ile ya zamani ikitoka kwenye kichwa kinachodondosha maji.

Siku ya Mtakatifu Yohane, baada ya misa ya mchana, watu walijipanga kwenye mabenchi gatini, na wale ndugu wawili wakaingia kwenye kayaki ya njano iliyofungwa kwa kamba, Kalina mbele, Bogna nyuma. Padri alipoanza kusoma, kayaki ilizama kidogo, kisha kidogo tena, kama chombo cha wawili kilichopandwa na watatu, na harufu ya tope ikapanda mpaka Bogna akaionja, na hapo, kutoka mgongoni kwao ambako hakukuwa na kitu ila maji, ikaja sauti ya mama yao, yenyewe hasa, ikiwa imechoka kwa safari, ikisema Kalinka, mwanangu, nimerudi, nimekuletea viatu, mbona hugeuki, na shingo ya Kalina ikaanza kuzunguka polepole, na Bogna akakikamata kile kichwa kwa mikono miwili, akabana paji lake la uso kwenye zile nywele baridi, akamng'ang'ania huku akinong'ona, "Si yeye, mdogo wangu, si yeye, si yeye," mpaka matone ya maji ya baraka yakawaangukia usoni.

Kayaki ikainuka juu, nyepesi.

Watu waliimba. Bibi Pelagia aliwaketisha kwenye benchi la mbele, lile la nyuma yao likiwa tupu, akawapa bakuli la stroberi, akaenda zake kugombana na padri kuhusu maua. Upepo ukapita, na nywele za Kalina zikapeperuka, kavu, rangi ya majani makavu. Bogna alizishika akalia kidogo. Alikuwa amechoka mpaka mifupani. Jua lilikuwa kali, lakini kisogo chake kilipata ubaridi mzuri, akafumba macho.

Kalina akageuka kumtazama, mara ya kwanza baada ya siku zote zile, akitabasamu. Tabasamu likaganda. Macho yake hayakuwa kwa Bogna. Yalipita juu ya bega lake, yakashuka haraka chini, kwenye viatu vyake mwenyewe.

"Nini?" Bogna akauliza.

Kalina aliweka bakuli chini, akainuka, akazunguka benchi, akaketi kwenye lile la nyuma, akijisukuma ubavu kama mtu anayetafuta nafasi palipo na mtu, uso ukielekea mbele, meno yakigongana.

"Usigeuke, dada," akanong'ona.