Chupa Kwapani

Saa sita mchana. Chumba cha nyuma kwa fundi pancha. Joto, harufu ya gundi, feni iliyokufa zamani.

Dada alikuwa anachora jino kwa chaki kwenye tairi. Walimtazama watu watatu: Komeo mkubwa wa genge, Dereva, na Pengo, mdogo wake Dada wa tumbo moja, ambaye ndiye aliyemleta kwenye balaa hili.

"Gamba la jino likilika halioti tena," alisema. "Hii protini inaliotesha. Ikikuta joto la mdomo inajipanga, inayavuta madini ya kwenye mate, na fuwele zinaota bega kwa bega mpaka gamba linarudi. Nimeihangaikia miaka sita, wakubwa wa maabara wakaandika majina yao. Afadhali niiuze."

"Ikipata joto njiani je?" Komeo aliuliza.

"Inashikana humo humo chupani. Inakuwa nyeupe kama maji ya mchele. Hapo ni ya kumwaga. Isitoke kwenye barafu."

Akaenda kuvaa koti lake la kazi. Pengo alitoka kukojoa, na aliporudi akamsikia Komeo nyuma ya mlango akimnong'oneza Dereva: "Mzigo ukishapokelewa, yule mwanamke tunammaliza. Anatujua sura."



Saa saba na nusu. Maabara. Dada aliweka kidole, mlango ukafunguka. Mlinzi akala kitako cha bastola, akalala. Chupa ikatoka kwenye jokofu ikaingia kwenye boksi la barafu, na boksi akapakatishwa Pengo.

Garini, Dada alikaa mbele, kando ya Dereva. Komeo alikaa nyuma ya Dada, kando ya Pengo, mdomo wa bastola umegusa kiti cha Dada. Pengo angemwonya dada yake saa ngapi, na kwa mdomo upi? Akafikiri mpaka kichwa kikamuuma. Mzigo ukiharibika, anayejua kuutengeneza mwingine haguswi. Basi.

Komeo alipogeuka kutazama kama polisi wanawafuata, Pengo aliitumbukiza chupa ndani ya shati, akaibana kwapani. Baridi ilimtoa machozi. Walipokaribia ghala la mnunuzi akairudisha kwenye barafu.

Saa tisa kasoro robo. Ghala. Mnunuzi na vijana wake wawili wenye bunduki. Boksi likafunguliwa.

"Mmeniletea uchafu gani huu?"

Dada aliinyanyua ile chupa. Nyeupe. Kisha akaliona shati la mdogo wake, limelowa kwapani, upande mmoja tu.

"Nani anajua kutengeneza nyingine?" mnunuzi aliuliza.

"Mimi."

"Wewe utakwenda na mimi. Hawa sina kazi nao."

Komeo alikimbilia kuchomoa bastola, akachelewa. Risasi mbili, yeye na Dereva chini. Mtutu ukamgeukia Pengo.

"Na huyu? Ni mtu wako?"

Pengo alitaka kueleza kila kitu, likatoka neno moja tu.

"Dada," alisema.

Dada aliirudisha chupa kwenye boksi taratibu, akajifuta mikono kwenye koti.

"Simjui," akasema, akaenda kupanda gari la mnunuzi.