Injini Iliyokwenda Bila Moshi

Maiti ilikuwa imebanwa kati ya gogo na nguzo ya tatu ya daraja. Walipoitoa majini, Inspekta aliitazama mikono kwanza. Viganja vilikuwa vimechunika.

"Aliisukuma nguzo kwa mikono mitupu, afande," konstebo alisema. "Injini ilinasa katikati ya mto, maji yakawabeba. Boti ikapita salama na abiria tisa. Yeye akabaki."

Msimamizi wa kivuko alikuwa ameshafika, shati limenyooka, faili kwapani.

"Uzembe wa mwendeshaji, afande. Hakutia oili kwenye petroli. Ripoti nimeshaandika."

Kweli alikuwa ameshaandika. Maiti bado inachuruzika maji, karatasi imeshapigwa muhuri. Inspekta alilijua neno lile. Miaka mitatu nyuma walizama wanne hapo hapo: uzembe. Kabla ya hao, wawili: uzembe. Ukiyasoma mafaili, mto huu haujawahi kumuua mtu kwa boti mbovu wala kwa maboya yaliyofungiwa stoo. Wanaokufa ndio wenye makosa, kwa kuwa hawawezi kubisha.

Mjane alikuwa ameketi kwenye benchi la abiria.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa, afande. Sikia. Waandike alikuwa mbishi, nitatia sahihi mwenyewe. Waandike alikuwa mkali. Lakini hilo la oili wasiandike. Nusu lita kwa lita ishirini na tano. Wenzake wote kumi na mmoja kawafundisha yeye. Wakiandika hilo, hawajambakizia kitu."

Kwenye karakana, fundi alikuwa ameifungua injini. Pistoni ilikuwa na michubuko mirefu, plagi nyeupe kama mfupa.

"Hii imekufa kwa kiu," fundi alisema. "Injini hizi hazina oili yake ya pembeni. Zinakunywa ile iliyochanganywa na petroli, ndiyo inayotoa moshi. Ikikosekana, chuma kinatafuna chuma."

"Kwa hiyo alisahau."

"Hapo ndipo kichwa kinaponiuma." Fundi alimimina mafuta ya tangi la boti kwenye chupa, akaiinua dirishani. "Oili yetu ni ya bluu, ili mtu ajue petroli ipi imechanganywa. Hii nayo ni bluu. Na jana jioni nilimwona kwa macho yangu akichanganya, akalitikisa dumu, akaliweka stoo. Ndiyo kawaida yake: anachanganya jana, leo anatikisa tu na kuondoka."

Inspekta akavuta kigoda. Kikosini walimwita Mama Kwa Nini, na hakuwahi kukasirika, maana ndilo swali pekee aliloliamini. Alitaka karatasi mbili nyeupe. Kwenye moja akadondosha tone la mafuta ya boti nyingine. Kwenye ya pili, tone la tangi la marehemu.

"Tunasubiri nini, afande?" konstebo aliuliza.

"Petroli iondoke. Tuone kinachobaki."

Petroli ikaruka. Inspekta akazipeleka karatasi dirishani. Ya kwanza ilikuwa na doa la mafuta linalopitisha mwanga, kama karatasi iliyofungiwa vitu vya kukaanga. Ya pili ilikuwa na doa la bluu, kavu, na mwanga haukupita.

Fundi alilipapasa kwa kidole. "Rangi tupu. Mtu kaimwaga ile aliyoichanganya marehemu, katia petroli mbichi yenye rangi."

Mmoja wa abiria, mwalimu wa shule, bado alikuwa anatetemeka ndani ya blanketi.

"Ilikwendaje kabla haijanasa?" Inspekta aliuliza.

"Vizuri ajabu. Siku zote tunafika tunanuka moshi kama samaki. Leo hata kukohoa hakuna. Nikamtania, 'Kaka, leo injini imeoga?' Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akageuka kuitazama. Alikuwa anainyooshea mkono aizime, ikakatika."

Stoo ya madumu ilikuwa na funguo mbili: mmoja wa fundi, mmoja wa msimamizi. Inspekta aliingia ofisini na konstebo na fundi. Juu ya rafu palikuwa na chupa ya wino usiofutika, wa bluu, wa kuandikia namba kwenye maboya. Akaitikisa. Tupu.

"Maboya yako wapi?"

"Stoo. Yanahifadhiwa, yasichakae."

"Nimeyaona. Mapya kabisa, na hayana namba. Wino umekwenda wapi?"

"Ulikauka."

"Lete faili."

"Ripoti unayo, afande."

"Faili zima, bosi."

Chini ya nakala ya ripoti kulikuwa na barua iliyochapwa, ya kumsimamisha kazi marehemu, yenye tarehe ya siku ile. Inspekta aliisoma kwa sauti: "'Kwa kushindwa kuchanganya oili, umesababisha boti namba nne kukataa kuwaka gatini leo asubuhi, mbele ya wenzako.'"

Fundi aliguna. "Kukataa kuwaka? Bosi, bila oili inawaka. Tena inakimbia kuliko siku zote. Inakupeleka mpaka katikati, ndipo inakutupa."

"Fundi asingekosea hapo," Inspekta alisema, "wala mwendeshaji yeyote. Barua hii uliichapa lini?"

Msimamizi alikaa. "Jana."

"Kwa nini?"

"Nilijua itagoma tu. Hapo hapo gatini, kweupe. Sikutaka afe."

"Kwa nini, nimekuuliza."

"Wale kumi na mmoja." Sauti yake ilishuka. "Alipoandika barua ya kudai maboya, wote walisaini siku hiyo hiyo. Nikiitisha kikao wanamtazama yeye kwanza, ndipo wananijibu mimi. Mimi nina cheti, nina ofisi. Nilitaka wamwone hajui hata kuchanganya mafuta."

"Najua hukutaka afe," Inspekta alisema. "Ulitaka aishi, achekwe kila siku na watu aliowafundisha."

Konstebo akatoa pingu.

Nje, daktari wa polisi alikuwa ameshaukagua mwili, na waendesha boti walisimama nyuma ya mjane. Mjane hakuuliza ni nani.

"Oili ilikuwemo?"

"Ilikuwemo, dada. Nusu lita, kama alivyofundisha. Ilimwagwa."

Mjane aliwageukia wale kumi na mmoja.

"Mmesikia. Sasa mbebeni."