Neno Moja Katika Fomu ya Mogire

Kila Jumatatu Kwamboka alichuma majani ya chai mapema, akayapeleka kwenye kituo cha kununulia chai, kisha akapita sokoni Magwagwa kuuliza barua. Mara nyingi alirudi mikono mitupu.

Mumewe, Mogire, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Thika. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Alipokuja Desemba ya 1972, binti yao Nyangate alimwona mlangoni akajificha nyuma ya nyanya yake. Hakumjua baba yake. Jioni ile Mogire hakula, na Kwamboka hakuisahau.

Mwezi wa Machi barua ilifika. Kwamboka hakumtafuta mtu wa kumsomea. Alikuwa amejifunza kusoma Kiswahili katika darasa la watu wazima pale kanisani. Alikaa kando ya njia, akafuata maneno kwa kidole.

Mogire alieleza kwamba kiwanda kina nyumba za wafanyakazi wenye familia. Alikuwa ameomba mara mbili, na mara zote mbili alikataliwa. Fomu ilirudishwa bila maelezo, naye ameitia ndani ya bahasha. Mwisho aliandika, "Labda Mungu hataki tukae pamoja."

Kwamboka alisoma mstari huo mara tatu. Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza.

Alhamisi, darasa lilipokwisha, alingoja wenzake waondoke, akampa Mwalimu Tryphosa ile fomu. Mwalimu aliisoma, akauliza Mogire analala wapi huko Thika. Kwamboka alijibu kwamba amepanga chumba kimoja na wanaume watatu. Akienda kazini, mwingine hulala katika kitanda chake.

"Hapa wameuliza 'residence'," alisema Mwalimu. "Yeye ameandika Magwagwa, tena akaongeza kwamba ana nyumba ya mabati ya vyumba vitatu."

"Si ni kweli, Mwalimu?"

"Ni kweli, mama Nyangate, lakini si hilo aliloulizwa."

Mwalimu alichukua chaki, akaandika maneno matatu ubaoni. Alieleza kwamba 'house' ni jengo lenyewe, kuta na paa, hata kama hamna mtu ndani. 'Home' ni nyumbani, kwenye watu wako, hata ukiwa mbali nako. 'Residence' ni mahali unapoishi sasa. Hilo ni neno la ofisi na la fomu. Mtu akitoka kazini husema anaenda 'home'. Hasemi anaenda 'residence'.

"Karani wa kiwanda amesoma kwamba Mogire anaishi katika nyumba yake mwenyewe," alisema. "Ameona hana haja ya nyingine."

Kwamboka aliyatazama maneno yale ubaoni.

"Hata mimi ningeandika hivyo," alisema. "Anaishi Magwagwa. Huko Thika yuko tu."

Mwalimu hakumcheka. "Najua," alisema. "Lakini fomu haiulizi moyo uko wapi. Inauliza kitanda kiko wapi."

Mwalimu alitaka kumwandikia Mogire barua. Kwamboka alikataa, akaiandika kwa mkono wake. Yale maneno ya Kiingereza aliyanakili kutoka ubaoni, herufi moja moja. Alimwambia Mogire aombe fomu mpya. Kwenye 'residence' aandike kile chumba cha Thika, na idadi ya watu wanaolala humo. Na fomu ikiuliza 'home', aandike Magwagwa. Na neno asilolijua aliulize kwanza, asione haya.

Aprili ikapita, na Mei pia. Kwamboka aliendelea kuchuma chai. Alianza kuogopa hata kuuliza barua. Katikati ya Juni Mogire aliandika mistari miwili tu: amepewa nyumba, waje.

Mama mkwe alibaki kutunza shamba. Aliwafungia ndizi na unga wa wimbi, akawasindikiza mpaka basi likaondoka.

Mwezi wa Julai Mwalimu Tryphosa alipokea barua yenye mwandiko mkubwa ulioinama upande mmoja.

"Mwalimu wangu," Kwamboka aliandika, "nyumba ni ndogo, lakini haivuji. Nyangate anamwita baba yake kwa sauti mpaka jirani wanasikia. Mimi nimeanza kuwafundisha wanawake wawili kusoma. Hapa hakuna kilima hata kimoja, na asubuhi naikumbuka sana Magwagwa. Lakini jioni ikifika, simngoji mtu wa Desemba. Namngoja mtu wa saa kumi na mbili, naye anakuja."